Chuo Kilifungwa Yeye Akiwa Mwanafunzi, Baadaye Vyuo Vikamwita Kufundisha: Safari ya Dansa Faustin Linyekula

Ukikaa Tunduma unaijua Kongo kupitia malori. Foleni ya kuelekea Nakonde inapojaa, kila dereva ana stori ya Kasumbalesa, ya Lubumbashi, ya Kolwezi. Shaba inashuka kwenda bandari ya Dar, mafuta na bidhaa zinapanda. Usiku kwenye grosari wanapiga Werrason na Fally, mtu wa Mbozi anacheza kama kazaliwa Kinshasa. Hiyo ndiyo Kongo ya barabarani, na kila mtoto wa boda anaijua.

Ila kuna Kongo nyingine, ya kaskazini, ambayo malori ya Tunduma hayafiki. Huko kuna mji unaitwa Kisangani, uko kwenye kona ya mto mkubwa. Na huko ndiko alikotoka mtu ambaye madansa wengi wa Bongo hawajawahi kusikia jina lake, japo kachezea majukwaa ambayo wasanii wetu wengi wanayaota tu. Anaitwa Faustin Linyekula. Ni dansa, ni mtunzi wa densi, ni mwalimu ambaye vyuo vya Ulaya na Marekani vimekuwa vikimwita. Na stori yake inaanza na mlango wa chuo uliofungwa.

MTOTO WA UBUNDU

Linyekula alizaliwa mwaka 1974, Ubundu. Kwa mashabiki wa ngumi, huo ndio mwaka Muhammad Ali alimpiga George Foreman pale Kinshasa, dunia nzima ikiangalia. Nchi wakati huo ilikuwa inaitwa Zaire na bosi alikuwa Mobutu.

Ubundu ni mji mdogo juu ya maporomoko ya Boyoma. Mto haupitiki kwa meli sehemu ile, kwa hiyo Wabelgiji walijenga reli fupi kutoka Ubundu hadi Kisangani. Ukipanda mto zaidi unafika Kindu, alikozaliwa Remmy Ongala mwaka 1947, yule Dokta Remmy ambaye baadaye alikuja Dar na kuwa wetu kabisa. Kwa hiyo upande ule si ugenini kama unavyodhani.

Hata Kiswahili kilifika huko zamani sana. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipenya hadi kwenye maporomoko yale, ikitafuta pembe za ndovu na ikiteka watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa gavana wa eneo hilo. Si historia ya kujivunia yote, ila ndiyo iliyoacha lugha. Leo Kisangani watu wanachanganya Kilingala, Kiswahili na Kifaransa kama vile Tunduma wanavyochanganya Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba.

ENZI ZA KUMCHEZEA RAIS

Hapa kuna kitu cha kuelewa kabla ya kuendelea. Zaire ya Mobutu kucheza ilikuwa siasa. Wanafunzi, wafanyakazi wa maofisini, watu wa mitaani, wote walipangwa mistari kumchezea na kumwimbia kiongozi. Vikundi vilifanya mazoezi, vilishonewa sare, vilishindanishwa. Mwili wako ukawa kama bango la chama.

Mtu wa Songwe anaweza kuielewa picha hiyo kirahisi. Kila Mwenge ukipita, au mgeni rasmi akitua Vwawa, vikundi vya ngoma vinatangulia. Watu wanacheza, wageni wanapiga makofi, hotuba zinaanza, wachezaji wanasahaulika juani. Tofauti ni kwamba kule Zaire ilikuwa mfumo mzima wa nchi, na kukataa ilikuwa kujitafutia matatizo.

Kwa mtoto aliyekulia humo, swali linakuja lenyewe ukubwani. Kama tangu utoto mwili umefundishwa kucheza kwa amri ya mtu mwingine, siku ukitaka kucheza la kwako mwenyewe, unaanzia wapi?

CHUO KINAFUNGWA

Linyekula hakuanza na densi. Alikuwa mtu wa vitabu. Alisomea fasihi na maigizo Kisangani, akiwa na marafiki ambao nao walikuwa wanaandika na kuota makubwa. Mmoja wao alikuwa anaitwa Kabako. Mwingine alikuwa Antoine Vumilia Muhindo. Shika hayo majina mawili, yatarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zaire ilianza kubomoka. Mwezi Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, na baada ya hapo mambo ya vyuo yakaenda kombo. Mishahara haitoki, wanajeshi wanapora maduka, vyuo vinafungwa. Kijana wa Kisangani aliyekuwa na ndoto ya digrii akajikuta mtaani.

Hapo wengi wenu mnaijua hiyo hali bila kufika Kongo. Matokeo yanatoka, nafasi hakuna, au nafasi ipo ada hakuna. Tunduma kila mtaa una kijana wa hivyo. Mmoja anabadilisha kwacha, mwingine ni utingo, mwingine kavuka kwenda Lusaka kujaribu bahati.

Linyekula naye alivuka. Mwaka 1993 aliondoka kwenda Nairobi.

NAIROBI, NA KAMPUNI YA GÀARA

Nairobi ndiko mtu wa maigizo alikogeukia mwili. Alikutana na Opiyo Okach, Mkenya aliyekuwa amesomea uigizaji wa bila maneno London. Kuna pia Afrah Tenambergen, mcheza densi. Mwaka 1997 watatu hawa wakawa kwenye kitu kimoja, kampuni ya Gàara, ambayo inatajwa kuwa kampuni ya kwanza ya densi ya kisasa Kenya.

Tuwekane sawa kwanza. Densi ya kisasa si ile ya kwenye video za Bongo Fleva, madansa wanne nyuma ya msanii, hatua zinafanana, kamera inazunguka. Ile nayo ni kazi na ina watu wake wakali. Densi ya kisasa inajitegemea. Haimsindikizi mwimbaji. Dansa anaweza kusimama kimya dakika mbili, akatetemeka bega moja, akaanguka, akasimulia stori, akacheza ngoma ya kijijini kwao kisha akaivunja katikati. Mtunzi wa densi ndiye anayepanga hayo yote: nani anatokea wapi, mwili unabeba nini, ukimya ukae wapi. Kama vile prodyuza anavyopanga biti, yeye anapanga miili.

Gàara walitengeneza kazi inaitwa Cleansing, yaani kusafisha. Mwaka 1998 wakaipeleka Luanda, Angola, kwenye mashindano makubwa ya watunzi wa densi wa Afrika, na wakarudi na tuzo. Vijana wa Nairobi waliokuwa wanafanya kitu ambacho hata nyumbani kilikuwa hakieleweki vizuri wakaanza kuitwa Ulaya.

Kuanzia hapo njia ya Linyekula ilikuwa wazi. Angeweza kubaki Ufaransa, akapata makaratasi, akatunga densi kuhusu Afrika akiwa Paris. Wengi wamefanya hivyo na hakuna wa kuwalaumu. Nani anarudi kwenye nyumba inayoungua?

ANARUDI WAKATI WENGINE WANAKIMBIA

Angalia tarehe. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili majeshi ya kigeni, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya Kisangani kwa siku sita. Mabomu yalianguka kwenye nyumba za watu, makanisani, mashuleni. Mamia ya raia waliuawa. Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila akauawa kwa risasi Kinshasa. Nchi ilikuwa imegawanywa vipande, kila kundi la wapiganaji na kipande chake.

Mwaka huo huo wa 2001 Linyekula akarudi.

Alianzia Kinshasa, akafungua sehemu inayoitwa Studios Kabako. Jina ni la yule rafiki. Kabako alikuwa amekufa, ameuawa na tauni, ugonjwa ambao sisi wengine tunausoma kwenye vitabu vya historia. Kijana mwandishi, mwenye kichwa, anakufa kwa ugonjwa wa panya na viroboto kwa sababu nchi haina hata dawa za kawaida. Rafiki yake akaona njia ya kumtunza ni kuliweka jina lake mlangoni, ili kila anayeingia kucheza alitamke.

Na Vumilia? Huyo alikamatwa baada ya kifo cha Kabila. Alishtakiwa na wenzake wengi kwenye kesi ya mauaji ya rais, akahukumiwa kifo mwaka 2003 na kuwekwa gereza la Makala, Kinshasa. Hukumu haikutekelezwa, ila aliishi nayo miaka. Gerezani akawa anaandika mashairi. Jina lake ni Kiswahili tupu, halihitaji tafsiri kwa yeyote anayesoma hapa.

KAZI ZENYEWE

Mwaka 2006 Linyekula alitoa kazi ambayo baadaye ilizunguka dunia kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kufuata nyayo za Dinozord. Dinozord ni jina la stejini la dansa kijana, Jeannot Kumbonyeki. Ndani yake kuna Kabako aliyekufa, kuna maneno ya Vumilia kutoka gerezani, kuna Serge Kakudji, mtoto wa Katanga anayeimba opera kwa sauti nyembamba ya juu mpaka unasisimka. Muziki wa Mozart wa kuombea wafu unachanganywa na stori za marafiki wa Kisangani. Ni kama matanga, ila yanafanyika jukwaani.

Mwaka 2009 ikaja nyingine kali zaidi kwa wapenda muziki. Linyekula alimchukua Flamme Kapaya, gitaa la Werrason, mmoja wa wapigaji waliotikisa Wenge Musica Maison Mère. Akamwambia alete ndombolo, ila ivunjwe, ikaliwe na ukali wa roki. Maneno yaliyoimbwa yalikuwa mashairi ya Vumilia. Hebu fikiria: mtu yuko gerezani amehukumiwa kifo, na mashairi yake yanaimbwa Ulaya kwa gitaa ambalo grosari za Tunduma zimelicheza miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 2011 Vumilia alitoroka gerezani na hatimaye akapata hifadhi Sweden. Baadaye akapanda jukwaani mwenyewe kwenye ile kazi ya Dinozord, akasimulia kwa mdomo wake. Sehemu iliyokuwa inashikiliwa na barua zake sasa ikashikiliwa na mwili wake.

Mwaka huo huo wa 2011 Linyekula alitoa Le Cargo, anacheza peke yake. Humo anasimulia kurudi Obilo, kijiji cha kwenye ile reli ya Ubundu, kutafuta ngoma alizokuwa anazisikia usiku akiwa mtoto. Kazunguka dunia miaka yote anaitwa dansa, halafu anajiuliza kama kweli aliwahi kucheza ngoma ya nyumbani.

Mwaka 2017 alifanya onyesho ndani ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Kwenye stoo ya makumbusho hayo kulikuwa na sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Sanamu haikuwa inaonyeshwa, imehifadhiwa tu gizani. Akatunga kazi aliyoiita Banataba, jina la kijiji cha ukoo huo, kama mtu anayekwenda kumtembelea ndugu aliyefungwa mbali.

KUTOKA MWANAFUNZI ALIYEKOSA CHUO HADI MWALIMU

Sasa turudi kwenye ule mlango uliofungwa. Jamaa ambaye masomo yake ya chuo yalikatwa na serikali akaanza kualikwa kufundisha. Amefundisha chuo kikuu cha Florida kule Gainesville, Marekani. Amefundisha P.A.R.T.S. ya Brussels, shule ya densi iliyoanzishwa na Anne Teresa De Keersmaeker mwaka 1995, ambayo kuingia kwake tu ni vita. Amefundisha Angers, Ufaransa, na Vienna, Austria.

Watu wengine wakisikia densi inafundishwa chuo kikuu wanacheka. Wanauliza mtu anafelije kucheza. Ila darasa la densi la chuo ni kazi ngumu. Asubuhi mazoezi ya mwili, mchana kutunga na kuonyesha mbele ya wenzako wanaokuchambua bila huruma. Kuna somo la viungo na misuli, kuna historia ya densi, kuna kuandika. Mwanafunzi anatakiwa aeleze kwa nini mkono umekwenda kule na si kule. Anayejibu kwamba alijisikia tu, anarudishwa akafikirie.

Na mwalimu wa aina ya Linyekula anapeleka kitu ambacho chuo hakina. Yeye msingi wake ni kwamba mwili unatunza kumbukumbu. Nchi inaweza kuchoma nyaraka, kufunga chuo, kubadilisha jina mara tatu, lakini namna bibi yako alivyokuwa anainama kucheza inaweza kukaa ndani yako bila kujua. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2009 aliongoza tamthilia ya Racine pale Comédie-Française, Paris, jumba ambalo Wafaransa wanaliheshimu kama msikiti au kanisa. Mwaka 2016 jiji la Lisbon lilimfanya msanii wake wa mwaka, na 2019 alikuwa msanii mshirika wa Tamasha la Holland pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini.

LAKINI AKAHAMISHIA STUDIO KISANGANI

Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2006, jina likiwa linapanda, aliihamisha Studios Kabako kutoka Kinshasa kwenda Kisangani. Ni kama msanii wa Bongo ametoboa kimataifa halafu anafunga ofisi Masaki na kuhamia Momba. Kisangani hakukuwa na ukumbi wa maana, umeme wa kubahatisha, barabara zimemezwa na msitu.

Studio ikawa sehemu ya mafunzo, ya kurekodi muziki, ya filamu. Vijana wanakuja na wazo, wanasaidiwa kulifanya liwe kazi. Studio ikavuka mto pia hadi Lubunga, upande wa pili wa Kisangani, mtaa uliosahauliwa. Huko mazungumzo na wakazi yaligusa hata maji safi ya kunywa. Ndio, kampuni ya densi ikihangaika na maji. Ukiwa unafundisha watu kutunza miili yao huwezi kujifanya huoni wanakunywa nini.

Yapo maswali magumu na ni haki kuyauliza. Fedha nyingi za kazi kama hizi zinatoka Ulaya, na watazamaji wengi wa kazi zake wako Ulaya. Mtu wa Kisangani anaweza kuuliza stori yake inauzwa wapi na nani anafaidi. Jibu la maneno ni rahisi kulitoa. Linyekula alijibu kwa anwani: studio iko kwao, vijana wa kwao wanaingia bila viza.

NA SONGWE INAHUSIKAJE?

Njia hii ya Tunduma ni njia ya ngoma tangu zamani. Beni ilizaliwa pwani ya Waswahili miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi kwa ngoma zao. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, askari na wapagazi waliisambaza bara. Malawi ikazaa mganda. Kwenye migodi ya shaba ya Zambia ikazaa kalela, ambayo mtafiti J. Clyde Mitchell aliandika kitabu chake mwaka 1956, vijana wa mgodini wakicheza na suti zao safi Jumapili. Leo kitabu hicho kinasomwa vyuoni. Vijana wale waliokuwa wanajifurahisha baada ya kazi hawakujua kwamba hatua zao zitakuwa somo.

Tanzania nayo haijaanzia sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa. Dar kuna Muda Africa ya Ian Mwaisunga inayofundisha densi ya kisasa. Ila ukiwa Tunduma, Vwawa au Mlowo, vyote hivyo viko mwendo wa siku nzima kwa basi, na nyumbani ukisema unataka kusomea kucheza, baba anakohoa kwanza.

Mkoa wenyewe ni mchanga, umezaliwa 2016 ukimegwa kutoka Mbeya. Mji wa boda una watu wa kila lugha, muziki wa nchi tatu, na watoto wanaocheza vizuri kuliko wale wa kwenye simu. Kinachokosekana ni chumba chenye sakafu nzuri na mtu mzima wa kusema hii ni kazi.

Kisangani ya 2006 nayo haikuwa na chumba hicho. Mtu mmoja alirudi akakitengeneza, akaandika mlangoni jina la rafiki yake aliyekufa. Nyie wa Tunduma mnaocheza nyuma ya stendi jioni, mkipata chumba mtakiita jina la nani?